Ndugu Wanane kwa Mita Mia Nne

Kuogelea kwangu kuligharimu jino moja la mbele, kuku kumi na saba, mchumba mmoja aliyesema hawezi kuoa mtu anayenuka dawa ya bwawa, na sekunde moja. Jino nilishazoea kuishi bila hilo. Kuku waliliwa na mtu anayejulikana. Mchumba nilimpigia hesabu tena baadaye nikaona pale nilipata faida. Sekunde ndiyo imenikalisha niwaandikie, lakini nitaifikia. Kwanza mjue mnafundishwa na nani.

Ninyi wa Jumamosi mmezoea kuniona kwenye kiti cha plastiki kando ya bwawa, nikiwagusa kichwani kwa fimbo yenye kitambaa mnapotapatapa. Mnafikiri nilizaliwa na hiyo fimbo. Jina nililopewa nyumbani, Malava, ni Nanjala. Jina la ishara mnalijua, kidole gumba kinaguswa mara mbili. Nililipata darasa la tatu, siku niliyohesabu mandazi ya chai yakawa kumi na mawili, nikahesabu tena yakawa kumi na moja. Aliyekuwa ameketi kando yangu alikuwa anatafuna. Tangu siku hiyo wenzangu wakanipa hilo jina, na mimi sihesabu kitu mara moja.

Masikio yaliniacha nikiwa na miaka saba, baada ya homa ya uti wa mgongo. Kiswahili kilibaki, sauti zikaenda. Watu huniuliza kama ninazikumbuka. Ninakumbuka jogoo wa jirani, na sijamkosa.

Bwawa tulilojifunzia ni hili hili la hoteli, lenye umbo la figo. Aliyelichora alikuwa anawafikiria watu wa kukaa na soda, si watu wanaotaka kufika upande wa pili. Nililipima kwa hatua, nikalipima tena kwa kamba ya kuanikia nguo: mita kumi na saba pale lilipo refu zaidi. Sasa fanyeni hesabu wenyewe. Mita mia nne ni kulikata mara ishirini na tatu na nusu, na bado una deni la nusu mita. Mwalimu Aseka aliniambia hiyo nusu mita nitailipa Nairobi.

Mwalimu Aseka alikuwa mwalimu wetu wa jiografia, mtu mwenye masikio mazima na vidole vizito vilivyojaa chaki. Hakujua kuogelea. Nawaambia kwa sababu kuna wazazi wenu wanaoniuliza kama nina cheti. Yeye alikuwa na kitabu kimoja chenye picha, na viatu vya mpira, gumboots. Alitembea ukingoni akiwa ameshika kitabu wazi, na picha ikionyesha kiwiko juu, alinionyesha kiwiko juu. Siku moja aliteleza akaingia kwenye maji ya kifuani, na mimi ndiye niliyemtoa. Alipokwisha kutema maji aliashiria, "Umeona? Hivyo ndivyo usivyopaswa kufanya."

Kuingia bwawani ilikuwa shughuli nyingine. Mlinzi wa bwawa wakati huo alikuwa Barasa, mtu wa tumbo na funguo nyingi. Tulipatana kwa vidole. Alinyoosha vinne: kuku wanne kwa mwezi. Nikanyoosha kimoja. Akashika kichwa kama aliyefiwa, akashusha hadi vitatu. Nikageuka nikaondoka. Hapa kuna siri ya biashara ambayo wenye masikio hawana: kiziwi akikupa mgongo huwezi kumwita. Lazima umkimbilie, na mtu akishakukimbilia, bei imeanguka. Barasa alinifikia langoni akihema, akanyoosha kidole kimoja, na kwa kidole hicho hicho akaelekeza majani yaliyoelea majini. Kuku mmoja kwa mwezi, na mimi nitoe majani kila asubuhi kabla wageni hawajaamka.

Mwezi wa tatu alimwandikia Mwalimu karatasi. Ninayo mpaka leo. "Mwalimu, huyu msichana wako analetanga kuku mdogo. Mwambie ingokho ikuwe na kifua." Mwalimu akaandika chini yake, "Kuku anafanana na bwawa lako," akairudisha. Kuku kumi na saba, basi. Mwezi wa kumi na nane Barasa alikataa kuku. Alikuwa ameanza kunipima muda kwa simu yake na kuwekeana dau la soda na wahudumu wa hoteli, na nilikuwa nimemshindia kreti.

Jino liko humo humo bwawani. Ukuta wa figo haukusubiri pale ulipouacha. Ukipinda kidogo njiani unakuja kukupokea mapema. Niliogelea nikiwa na uhakika kwamba bado nipige maji mikono miwili niufikie, kumbe ulikuwa umebaki mmoja. Ndiyo sababu nawapigia kelele za fimbo kuhusu kuhesabu mikono. Kumi na sita hapa, arubaini na nane kwenye bwawa la kweli la mita hamsini. Ukijua mikono yako huhitaji kuinua kichwa kutafuta ukuta. Na ukinunua vazi la kuogelea kwenye mitumba, livute kwa mikono miwili ulielekeze kwenye jua. Ukiona mistari ya kiganja chako kupitia kitambaa, lirudishe kwenye rundo. Limeshaliwa na klorini, na litakuaga katikati ya mashindano watu wakiangalia. Muuzaji akiapa kwamba ni jipya, mpe mgongo. Mnajua sasa kinachofuata.

Kuanza mbio ndiko kunakotutesa zaidi. Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa hapa Kakamega, na shule za wenye masikio. Wao walikuwa na filimbi. Mimi nikajipangia kutazama goti la msichana wa njia ya pili. Likikunjuka, naruka. Mpango mzuri, isipokuwa yule msichana aliumwa na mbu. Alinyoosha mguu kujikuna, goti likakunjuka, mimi nikaenda. Niliogelea mita hamsini ambazo sijawahi kuziogelea tena kwa kasi ile. Nikagusa ukuta, nikageuka kuona nimewaacha kiasi gani. Wote saba walikuwa bado wamesimama wakavu kabisa, wakinitazama kwa huruma.

Baada ya hapo Mwalimu alichukua leso nyekundu ya mkewe, bila kumwambia, na ikawa filimbi yetu. Ikiinuliwa, jiandae. Ikishuka, ruka. Ikipungwa huku na huku, simama, mbio zimekwisha. Shule zote za viziwi tulizokutana nazo zilikuwa na kitambaa cha namna hiyo, tofauti ilikuwa rangi tu. Kitambaa kwetu hakikuwa cha kushangilia. Kilikuwa amri. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Sasa Kisumu. Mita mia nne, bwawa la mita hamsini, kwa hiyo unalikata mara nane. Mwenye masikio hupigiwa kengele akikaribia kumaliza. Mimi niligusa ukuta, kichwani nikawa na nane, nikasimama, nikainua mikono yote miwili kama waziri. Nikamtafuta Mwalimu. Alikuwa ameshika kichwa. Nilikuwa nimekata mara sita.

Nisingejua hilo kwa kumtazama Mwalimu, maana alikuwa mbali na watu wakamziba kabla hajaashiria. Aliyeniambia ni msichana wa njia ya jirani, mwenye masikio, kofia ya kijani, mtu ambaye hatujawahi kuonana. Alifika ukutani, akaniona nimesimama kama sanamu. Badala ya kugeuka aende zake, alinirushia maji usoni, akaninyooshea vidole viwili, bado mbili, kisha akaondoka. Nikamfuata. Nilimaliza wa tano. Yeye alikuwa wa tatu wakati huo, akamaliza wa nne, na aliyempita alimpita pale pale ukutani alipokuwa akininyooshea vidole. Wa tatu alipewa medali. Nilivaa haraka nikamtafuta nimshukuru, basi lao lilikuwa limeondoka. Mpaka leo sijui jina lake.

Nyumbani Malava nilimweleza mama huku tukila obusuma, ugali wetu, kwa kuku. Mama hakujua lugha ya ishara ya shuleni. Tulikuwa na yetu, ya jikoni. Akauliza, "Nilizaa wangapi?" Nikamwonyesha wanane. Akasema, "Sijawahi kuamka asubuhi nikafikiri ni sita." Kisha akaninyang'anya mfupa wa kuku akaendelea kula.

Hapo ndipo nilipopata kuhesabu kwa pili. Hesabu ya kwanza ni namba, na namba huteleza ukichoka. Ya pili ni ndugu zangu kwa kufuata walivyozaliwa. Mara ya kwanza Josefu, kisha Roda, Filipo, Tabitha, Ezra, Petero, Rosa. Wa nane ni mimi mwenyewe, na nikijifikia mwenyewe sibakizi kitu. Huwezi kumruka ndugu mliyegombania blanketi. Tangu siku hiyo sijapotea majini. Ninyi wenye ndugu watatu, ongezeni mbuzi.

Sasa tumefika Nairobi, na sekunde.

Yalikuwa majaribio ya kuchagua timu ya taifa ya viziwi, kwenda michezo ya dunia. Kwa wasichana, mita mia nne, nafasi ilikuwa moja. Sisi wanane, wote viziwi. Niliyemwogopa alikuwa Mwende kutoka Machakos, jina lake la ishara ni kidole kwenye kishimo cha shavu. Alikuwa mrefu, alicheka na kila mtu, na alikuwa amejifunzia bwawa la kweli. Muda wake ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi zenye mihuri. Wangu ulikuwa kwenye simu ya Barasa.

Tukapanda kwenye majukwaa ya kuanzia, mbele ya kila mmoja taa ndogo. Taa ikiwaka, mnaruka. Tulisubiri. Tukasubiri. Stima ilikuwa imepotea.

Refa mkuu alikuwa mama mmoja mwenye kofia pana. Akazungumza na wenzake, kisha Mwalimu Aseka akanitafsiria kwa mikono. "Anasema hawezi kungoja. Bwawa limekodishwa mchana kwa wengine. Atachagua kwa muda ulioandikwa."

Mnaelewa maana yake. Mwende anakwenda, mimi narudi Malava na jino langu lililopungua. Nikashuka jukwaani nikamwendea yule mama nikiwa bado nimelowa maji ya mazoezi. Mwalimu nyuma, akitafsiri.

"Tuna leso," nilisema.

"Walio karibu wataiona kwanza," mama alijibu. "Si haki."

"Ishikwe ng'ambo. Mita hamsini. Kutoka kule sote tutaiona sawa."

"Na nani aishike? Mwalimu wako?" Alimtazama Mwalimu Aseka, na gumboots zake. "Wengine watasema amekupa ishara."

Hapo ndipo mteja anapoonyesha anataka nini hasa. Yule mama hakuwa na shida na leso. Alikuwa na shida na lawama. Nikamgeukia kocha wa Mwende, kijana mwenye masikio, aliyeanza kazi na viziwi miezi miwili tu nyuma. "Ashike yeye," nikasema.

Mwalimu Aseka aliacha kutafsiri. Akanitazama. "Unampa adui leso ya mke wangu?"

"Ninanunua mbio. Tafsiri."

Mama mwenye kofia akacheka, mabega yakapanda na kushuka. Mbio zikauzika.

Leso ilishuka vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Tukaruka. Mwende alikuwa njia ya nne, mimi ya tano. Josefu na Roda sikuwaona, nilikuwa natafuta pumzi. Filipo nikatulia. Tabitha, Mwende alikuwa mbele yangu kwa mwili mzima. Ezra, vile vile. Na nikajua, kwa hesabu zote mbili, kwamba nikifika kwangu mwenyewe akiwa bado mbele kwa mwili mzima, sitamfikia.

Yule kocha kijana alikuwa amezunguka bwawa akaja upande wetu wa kumalizia. Alikuwa na furaha, mwanafunzi wake anaongoza. Akafanya wanachofanya makocha wote wa wenye masikio: akapiga kelele, akaruka ruka, na kwa kuwa mkononi alikuwa bado na leso, akaipunga. Huku na huku, juu ya kichwa chake, wakati Mwende anagusa ukuta mara ya sita.

Mwende aliona amri. Akasimama.

Ukuta wa figo haukuwahi kuniruhusu kujifunza kubingirika ukutani, kwa hiyo mimi hugeuka kwa kushika: nashika ukuta, nainua kichwa, navuta hewa, nasukuma. Nilishika. Nikainua kichwa. Nikaiona leso inapungwa, na kichwani nikawa na Petero. Bado Rosa, bado mimi. Na nikamwona Mwende kwenye njia ya jirani, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, kishimo cha shavu kimejaa maji, anamchekea kocha wake. Akanigeukia. Alitaka kunipa mkono.

Vidole viwili vinachukua sekunde moja kunyoosha. Nimejipima kwa saa, mara mbili. Vyangu vilikuwa juu ya ukuta, havikuwa na kazi.

Nikasukuma nikaondoka.

Walimwambia hatimaye. Watu wote ukingoni walinyoosha vidole, mpaka mama mwenye kofia. Akaanza tena kuogelea, akaja kama mtu anayefukuzwa. Niliogelea Rosa, nikaogelea mimi, nikagusa. Yeye akagusa baada yangu, mikono miwili tu nyuma. Mikono miwili ni kama sekunde mbili na kidogo. Pale ukutani alikuwa amepoteza tano, au sita. Hesabu hiyo mnaweza kuimaliza wenyewe.

Kwenye vyumba vya kubadilishia nguo alinijia, macho mekundu, labda ya klorini. Akaniuliza kwa mikono, "Hukuniona nimesimama?"

Nikamjibu, "Nilikuwa nageuka."

Akakubali kwa kichwa. Akanikumbatia. Akanambia niende nikawaonyeshe.

Nilikwenda. Nilikuwa wa saba kati ya wanane katika mchujo, kwenye bwawa ambalo chini yake ungeweza kusoma gazeti, na taa ya kuanzia ilifanya kazi mara ya kwanza. Ile nusu mita niliilipa huko, pamoja na faida. Muda wangu ulikuwa bora kuliko wote niliowahi kupata, na picha yangu iko ukutani kwa Barasa, kando ya bei za soda. Siionei haya safari hiyo. Ningepewa tena leso na stima iliyopotea, ningebishana tena na yule mama, kwa maneno yale yale, na ningemnunua tena. Mbio zile nilizipata kwa akili yangu. Ila sekunde ile sikuibishania na mtu yeyote. Niliichukua tu.

Na msinijibu kwamba sheria haikunilazimisha. Ninajua haikunilazimisha. Mwenye kofia ya kijani pia haikumlazimisha.

Sasa hivi ndivyo mambo yalivyo. Mwende anafundisha kuogelea Machakos, kwenye shule ya viziwi. Wiki iliyopita alinitumia video. Amenenepa kidogo, kishimo kiko pale pale. Jumamosi ya mwisho ya mwezi anakuja Kakamega na wanafunzi wake sita kushindana nanyi, na anataka kabla yenu sisi wazee wawili tuogelee mita mia nne ndani ya figo, mara ishirini na tatu na nusu. "Tuone kama bado unajua kuhesabu," alisema, akagusa kidole gumba mara mbili, jina langu. Kisha akaongeza kwamba nilete ile leso, na kwamba safari hii Mwalimu Aseka ndiye aishike, kwa sababu makocha vijana hawaaminiki. Akacheka sana. Kwa miaka yote hii amekuwa akimcheka yule kijana. Hajawahi kunicheka mimi, kwa sababu anaamini nilikuwa nageuka.

Nimeandika ujumbe wa kumweleza, nikaufuta. Nikaandika tena, nikafuta. Leso nimeifua, inakauka.

Ninyi mnaogelea njia za jirani kila wiki na mnaonana mkikosea, kwa hiyo nawauliza ninyi. Jumamosi hii, kabla hamjaingia majini, simameni ukingoni mnionyeshe kwa mikono. Kidole kimoja, nimwambie kabla hatujaruka, aogelee akijua anaogelea na nani. Vidole viwili, nimwambie tukishamaliza, tukiwa tumeshika ukuta. Kumficha sijakuweka kwenye bei, msijaribu kupunguza. Nyoosheni vidole juu, vionekane. Nitahesabu mara mbili.